Mafuta ya Loho

Ulimi wangu haujawahi kuniingiza mahali ukashindwa kunitoa. Maneno hayo ndiyo kwanza nilikuwa nayamaliza dukani kwa Gidudu, mtaa wa Namatala mjini Mbale, mgongo nimeuegemeza kwenye rafu tupu, Landrova ya jeshi iliposimama nje.

Wasikilizaji wangu wote walikumbuka ghafla kwamba wana makwao. Gidudu alibaki kwa kuwa duka ni lake. Mimi nilibaki kwa kuwa nilikuwa nimeshasema.

Naitwa Wasike. Kwetu ni Kenya, upande wa pili wa mlima, na sekondari niliimalizia huko huko kabla ya kuvuka kuja kukaa na dada yangu Nabalayo, aliyeolewa Mbale. Mbukusu kama mimi akifunga mdomo, hakuna Mgisu wa Mbale atakayemjua kuwa ni mgeni. Tunafanana kama mapacha waliovalishwa mashati tofauti. Na tangu yale ya Entebbe mwaka uliotangulia, serikali ilipoilaumu Kenya kwa kuwasaidia wavamizi, kila Mkenya mwenye akili aliyebaki Uganda alikuwa ameufunga mdomo. Akili nilikuwa nayo. Shida ilikuwa mdomo.

Kazi yangu ilikuwa mafuta ya kunusa. Cheka, lakini usikie kwanza. Shuleni mwalimu wa kemia alitufundisha kuchemsha maji, kuupitisha mvuke kwenye mpira uliozamishwa katika ndoo ya maji baridi, na kuukinga unaporudi kuwa maji. Wenzangu waliandika, wakafaulu, wakasahau. Mimi niliweka majani. Mchaichai ulikuwa umejaa nyuma ya choo cha Nabalayo, na mikaratusi ilikuwa imejipanga Nabuyonga ikisubiri mtu mwenye panga. Ukichemsha kutwa nzima unapata mafuta membamba yanayoelea juu ya maji. Hayo nilikuwa nayachanganya na mafuta ya simsim na kuyatia katika vichupa vya sindano vilivyotupwa na zahanati.

Wateja hawakukosekana, maana mji mzima ulikuwa roho juu. Gari likipunguza mwendo mtaani, watu walisahau walichokuwa wakitafuna. Mwalimu Margret, jirani yetu, shingo yake ilikuwa imekaza tangu mumewe alipoitwa "kuandika maelezo kidogo". Nilimwambia apake panja na viganja, avute pumzi polepole, ashushe mabega, atoe. Sikumwambia kwamba mumewe atarudi. Lakini aliniambia kwamba kwa muda wa chai kuchemka, shingo yake inakuwa tena shingo. Ndiyo maana dawa yangu niliiita mafuta ya roho, na Gidudu akawa ananiuzia.

Basi, Koplo aliingia. Landrova aliiacha ikinguruma kwa sababu, kama nilivyokuja kujua, ikizimwa haikuwa ikiwaka bila kusukumwa.

"Nasikia hapa iko mafuta," alisema.

"Iko, afande," alijibu Gidudu. "Mafuta ya loho. Ni ya huyu." Akaninyooshea kidevu.

Gidudu ni mtu mwema asiyejua kudanganya wala kutenganisha l na r. Lori kwake ni loli, roho ni loho, na mimi huwa ananiita mtoto wa lafiki yake. Koplo alikuwa ametoka Jinja kutafuta diseli, na mji wote ulikuwa mkavu. Kwa kelele ya ile injini, alisikia alichokuwa akikitafuta.

"Mafuta ya lori. Iko mingi?"

"Afande akitaka, hayakosi," nikasema mimi, mfanyabiashara.

"Nataka yote."

Tangu nianze kazi hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. "Yote? Afande lazima una kubwa sana," nikasema, nikimaanisha roho.

"Kubwa, ndiyo. Tani saba."

Nilicheka, nikidhani nimekutana na mchekeshaji mwenzangu. "Na inaweka wapi?" aliuliza Koplo.

"Chini ya kitanda cha dada yangu."

Uso wa Koplo ulibadilika. Mtu anayeficha diseli chini ya kitanda mwaka ule hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa mtu wa magendo, na watu wa magendo walikuwa na mahali pao.

Nabalayo alikuwa akipepeta mtama tulipoingia uani, bunduki nyuma yangu. Koplo alipiga magoti, akavuta boksi kutoka chini ya kitanda, akakuta vichupa. Akafungua kimoja, akanusa. Akanusa tena. Hapo nilidhani yameisha. Lakini mtu aliyetumwa mafuta hawezi kurudi mikono mitupu. Atarudi na mafuta yoyote, na mtu wa kulaumiwa.

"Ingia gari," alisema.

Nabalayo hakulia. Aliushika ungo vile vile, akasema kwa Kibukusu, "Wasike, ewe mwana wa mama, leo nyamaza." Huo ndio ushauri nilioondoka nao Mbale. Tulishika njia ya Tirinyi, vumbi tupu, boksi la vichupa likiwa mapajani mwangu kama maiti ya mtoto.

*

Kapteni Asadu alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Alikaa Kimaka, kule Jinja, katika nyumba ya Mhindi aliyefukuzwa, na tulimkuta sebuleni ameketi kando ya simu nyeusi iliyowekwa juu ya kigoda. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuyaondoa kwenye simu mpaka boksi lilipowekwa mezani.

"Hii nini?"

"Mafuta, afande," alisema Koplo, akitazama ukuta.

"Ya lori?"

"Ya roho, afande," nikasema. "Si lori. Roho." Nikajigusa kifua ili asipotee kama mwenzake.

Kapteni alifungua kichupa, akanusa, akakifunga. "Muhamad," alimwambia Koplo, "mimi nimekutuma diseli. Wewe umeniletea marashi na Mkenya."

"Afande, mimi ni Mgisu wa..."

"Hiyo Kiswahili yako imevaa viatu. Hapa hakuna mtu anaongea namna hiyo. Wewe ni wa Kenya."

Hapo ndipo mtu mwenye dada aliyemwambia anyamaze angenyamaza. "Afande," nikasema, "macho yako yananiambia hulali. Mafuta haya yanaweza kumlaza hata ng'ombe aliyeona chui."

Nyuma ya pazia la jikoni mtu alikohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Nani amekuambia mimi silali?"

"Hakuna, afande."

"Sawa. Utanipaka. Siku nitalala, Muhamad anakurudisha Mbale mpaka mlango wa dada yako. Nikikuona unanidanganya, kuna watu wa miwani nyeusi wanakusanya Wakenya. Nitawaita." Na mkono wake ulielekea kwenye simu, lakini haukuigusa. Ulisimama juu yake hewani, kisha ukarudi.

*

Walinipa stoo ya nyuma. Dirisha lake lilikuwa na vyuma vilivyopindwa vikawa maua; Mhindi yule alipenda hata wezi wake waone kitu kizuri. Mchana niliruhusiwa kutembea uani, lakini getini kulikuwa na askari, na nje ya geti kulikuwa na askari wengine, na nyuma yao nyasi za uwanja wa ndege ambazo mtu akizikimbilia anaonekana kama nzi kwenye maziwa. Niliomba malighafi iniishie, labda wataniacha nikatafute. Haikuisha. Kando ya bomba mchaichai ulimea bila kupandwa, na mkaratusi mmoja mkubwa ulisimama pale pale uani ukinidondoshea majani kichwani.

Mwenye nyumba, yaani aliyeitawala kweli, alikuwa mke wa Kapteni, Mama Shamim. Yeye ndiye aliyekohoa nyuma ya pazia. Shamim mwenyewe alikuwa amepelekwa kwa bibi yake, huko Bombo. Nilipouliza kwa nini, mama yake aliendelea kutia ubani kwenye makaa. "Nyumba hii inasubiri," alisema. "Mtoto hafai kukaa katika nyumba inayosubiri."

Kila siku baada ya chakula cha mchana nilianza kazi. Miguu ya Kapteni ndani ya beseni la maji moto yenye majani, taulo lililokamuliwa shingoni, mafuta kwenye panja na nyuma ya masikio. Kando ya shingo yake, ile ya Mwalimu Margret ilikuwa uji.

"Vuta pumzi. Shusha mabega. Toa."

"Usiniamrishe."

"Samahani, afande. Tafadhali toa."

Alikuwa akitoa. Kope zilikuwa zikishuka taratibu, zikafika karibu kabisa na kukutana, mimi nikaanza kuona barabara ya Tirinyi; kisha zinafunguka ghafla na macho yanakwenda kwenye simu. Tunaanza upya. Ubaya ni kwamba kila alipovuta pumzi nami nilivuta. Mara nyingi nilikuwa nikishtuka kidevu kimegota kifuani, na Kapteni ananitazama.

"Inafanya kazi," aliniambia siku moja. "Kwako."

"Umemlaza?" Mama Shamim alikuwa akiuliza nikirudisha beseni jikoni.

"Bado kidogo, Mama Shamim."

"Hiyo bado kidogo yako itaota mvi."

Nilibadilisha dawa. Niliongeza karafuu kutoka kwa Mama Shamim, nikapunguza mkaratusi, nikasugua nyayo badala ya panja. Hali yangu ilikuwa hivi: mtu aliye nje ya geti ananitaka kwa sababu mimi ni Mkenya, na mtu aliye ndani ananitaka kwa sababu yeye hapati usingizi, na kilichonitenganisha na yule wa nje ni uvumilivu wa huyu wa ndani, ambao ulikuwa ukipungua kama mafuta chupani. Nilimsihi Koplo Muhamad ampelekee Nabalayo salamu kwamba mimi ni mzima. "Wewe umenitia aibu," alijibu. "Mimi sikujui." Kwetu mtu akikaa kimya muda ule wote, dada yake ananyoa nywele kama aliyefiwa. Nilimwona akilini kichwa kikiwa upara, akimwambia kila mtu kwamba alinikanya.

Mwishowe nilisema lile lililokuwa mbele ya macho yetu sote. "Afande, tuihamishe hiyo simu. Tuipeleke jikoni."

"Usiiguse."

Alichezesha miguu majini. Kisha akaanza kusema, si kwangu hasa, kwa beseni.

"Ile nyumba ya pili kulikuwa na meja. Rafiki yangu. Tulikuwa tunakula kwake, simu ikalia. Wakamwambia njoo Kampala, kuna mukutano. Akachukua kofia. Kijiko chake kikabaki ndani ya mchuzi."

"Mkutano gani, afande?"

"Ile haiishi."

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Sikuthubutu kuongeza ya moto. "Na mtu asipoipokea simu?"

"Ukiwa nyumbani hushiki, wanakuja hapa. Ukiwa safari, wanakufuata kule safari, wanapindua kila kitu mpaka wakupate. Kwa hiyo mimi nakaa hapa. Ikilia nitashika. Nitaenda na miguu yangu, wasiingie kwa mke wangu."

Siku ile sikuweza kusinzia hata mimi.

*

Kesho yake nilikuja na kitambaa. Kabla ya kumpaka Kapteni, nilikiloweka mafuta, nikapiga magoti mbele ya kigoda, nikaanza kuifuta simu. Niliifuta mgongo, nikaifuta kile kizungushio, nikainua mkono wake wa kuongelea nikaupaka mwanzo hadi mwisho, mdomoni na sikioni.

"Unafanya nini?" Sauti ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

"Naitibu, afande. Mgonjwa ni hii. Angalia shingo yake ilivyokaza."

Nilingoja kofi. Badala yake nilisikia mlio wa ajabu, kama gari linalosukumwa kabla halijawaka. Kapteni Asadu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka maji yakamwagika beseni, na mabega yale niliyoyabembeleza siku zote yakaanguka yenyewe, bila kuamrishwa. Akaunyakua ule mkono wa simu, akaunusa kama mtu anusaye kichwa cha mtoto.

"Inanuka kwa mama yangu," alisema. "Alikuwa anapika chai na hii majani."

Aliurudisha mahali pake. Akaegemea. Nilimpaka panja kidogo tu, na kope zikashuka, zikakutana, zikabaki. Mdomo ukafunguka. Akakoroma.

Nilisimama pale na mikono inayoteleza mafuta, nikasikiliza ule mkoromo. Nje Koplo Muhamad alikuwa akiosha Landrova. Ningetoka nimwambie, aingie kwa vidole vya miguu, aone kwa macho yake, na neno la afande ni neno. Kabla ya giza ningekuwa uani kwa Nabalayo nikitukanwa. Niligeuka kwenda mlangoni.

Simu ikalia.

Haikumaliza mlio wake wa kwanza. Sijui nilifikaje. Nilijikuta nimeushika mkono wa simu kwa mikono miwili, unaniponyoka kama samaki, na macho yangu yako kwa Kapteni. Aligeuza kichwa upande wa pili. Akaendelea kukoroma.

"Kapteni Asadu," ilisema sauti sikioni mwangu. Haikuwa ikiuliza.

Nikimwamsha, itakuwa hakulala, na mimi sirudi. Hilo ndilo pekee nililoliona.

"Hayuko," nikasema, kwa Kiswahili nilichokivua viatu upesi upesi.

"Iko wapi?"

Na ulimi wangu ukatoa kile ulichokuwa umekishika tangu siku ile ya kwanza. "Iko Mbale."

"Anafanya nini Mbale?"

"Anatafuta mafuta."

"Mbale pahali gani?"

"Namatala," nikasema.

Kulikuwa na pumzi upande ule, pumzi ya mtu aliyetulia kabisa, asiyehitaji dawa yangu. "Sawa. Tunamfuata huko huko." Ikakatika.

Niliirudisha kwa upole kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha nikasikia kikombe kikigonga sahani nyuma yangu.

Mama Shamim alikuwa mlango wa jikoni na sinia la chai. Pazia lilikuwa limekwisha kutulia, kumaanisha hakuwa amefika sasa hivi.

"Amelala," alisema.

"Amelala, Mama Shamim."

"Kweli umemlaza." Aliweka sinia mezani bila sauti. "Nani alipiga?"

"Walikosea namba."

"Simu hiyo haina kukosea. Inapita kambini." Alimimina chai, kikombe kimoja. Haikuwa yangu. "Haya. Afande alisema akilala, unarudi. Muhamad yuko nje na gari. Nenda Mbale."

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Niliona nusu ya Landrova, inang'aa maji, na mkono wa Koplo ukizunguka na kitambaa. Siku zote zile nilikuwa nimeutamani mlango ule, na sasa miguu yangu ilikuwa imeota mizizi kwenye sakafu ya Mhindi.

"Leo?" nikasema.

"Si ndiko ulikokuwa unalilia?"

"Jua limekwenda, Mama Shamim. Na akiamka pengine atataka nimpake tena."

"Kijana. Mbale kuna nini?"

Nilikuwa nimeshaanza kukiona. Gari litasimama nje ya duka na injini ikinguruma. Watauliza habari za mtu aliyekuja kutafuta mafuta. Na Gidudu, mtu mwema asiyejua kudanganya, atanyoosha kidevu kuelekea mlango wa Nabalayo.

"Kuna dada yako," alisema Mama Shamim. "Namatala. Uliniambia wewe mwenyewe ukimenya vitunguu vyangu. Na sasa umewaambia wao."

"Mama Shamim, nilikuwa nataka tu asiamke."

"Niliona ulichokuwa unataka. Uliitazama ile gari kabla hujaitazama simu." Hakupandisha sauti. Alivuta kiti, akakiweka kati yangu na mlango, akakaa, akakunja mikono juu ya mapaja. "Mwamshe."

"Wewe ungemwambia vizuri zaidi."

"Mimi sikuongea na Kampala. Mwamshe awapigie kabla hawajafika kwa dada yako, na umwambie maneno yale yale, kama ulivyowaambia. Kwa hicho Kiswahili cha pekupeku."

Niliweka mkono kwenye bega la Kapteni. Lilikuwa limelegea kabisa, limetulia, kazi nzuri ya kuonyesha watu. Nilifungua mdomo, na kilichotoka hata mimi sikukisikia.

"Sauti," alisema Mama Shamim. "Akusikie."